Deni la sangara lisilo na mkataba wa maandishi: wakili aanzie wapi?

"Mimi ni wakili wa kujitegemea, mwaka wangu wa pili tangu niapishwe, ofisi yangu iko Mwanza mjini. Mteja wangu ni mama anayekusanya sangara visiwani Ukerewe na kuwauza kiwandani. Mwaka jana alipeleka mzigo safari 11, thamani yake shilingi 148,300,000. Amelipwa kidogokidogo hadi 84,000,000, zimebaki 64,300,000. Mkataba wa maandishi hakuna. Kuna risiti za mzani, ujumbe wa WhatsApp kati yake na mhasibu wa kiwanda, na malipo yaliyopitia benki na simu. Sasa kiwanda kinasema katika safari ya nane na ya tisa kilikataa kilo 1,900 kwa ubovu, bei ikiwa shilingi 8,000 kwa kilo, na kwamba tukiziondoa hizo ndipo tuzungumze. Nimewauliza wakubwa zangu watatu. Mmoja kasema WhatsApp si ushahidi, kwa hiyo sina kesi. Wa pili kasema niongeze milioni 40 za fidia ya usumbufu ili niingie Mahakama ya Biashara. Wa tatu kasema mhasibu apelekwe polisi kwa wizi wa kuaminiwa, watalipa wenyewe. Mteja naye kasikia kiwanda kinataka kuuza mitambo kihame. Ananipigia kila siku. Nianzie wapi?"

Wakili msomi, swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, na naona hofu yako ni ile ya kila wakili aliyewahi kusimama na deni la haki mikononi: kwamba utaingia mahakamani, mwenzako atasimama na pingamizi la awali, na shauri litaondolewa kabla hakimu hajapata nafasi ya kuuliza kama samaki walipokelewa au hawakupokelewa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini naomba uangalie jambo moja katika ushauri wa wale wakubwa zako watatu. Wote wamekujibu kuhusu mahakama au polisi, na hakuna aliyekuomba akae na zile risiti za mzani. Mimi ningeanzia kwenye risiti, kwa sababu karibu kila ulichoniuliza, kuanzia mahakama ya kwenda mpaka namna ya kuzungumza na kiwanda, kinaamuliwa na hesabu iliyomo humo. Jalada lako sijaliona, kwa hiyo ninayoyasema yanasimama juu ya ulichoandika.

Mwite mteja aje na kila karatasi aliyonayo, hata anayoiona haina maana. Mara nyingi zitakuja kwenye mfuko wa nailoni, zimelowa maji ya samaki, zimekunjwa mara nne. Risiti nyingi za mzani huchapwa kwenye ile karatasi laini inayoandika kwa joto, na maandishi yake hufifia. Ukiiacha karibu na dirisha au kwenye dashibodi ya gari, miezi michache baadaye unabaki na karatasi nyeupe. Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza ni kupiga picha na kudurufu kila risiti, kisha kuzihifadhi zile halisi mahali pakavu penye kivuli. Halafu chora jedwali. Kila safari iwe na mstari wake: tarehe, kilo kwa mujibu wa mzani, bei na mahali bei hiyo ilipotajwa, thamani, kilicholipwa, kimelipwa kwa njia gani, kodi ya zuio kama ilikatwa, na kilichobaki. Kisha pembeni andika kielelezo kinachothibitisha kila tarakimu. Tarakimu isiyo na kielelezo izungushie wino mwekundu. Jedwali hilo ndilo kesi yako. Hati ya madai ni jedwali hilo limeandikwa kwa sentensi.

Wakati unalijaza, tazama jina lililoandikwa juu ya risiti. Mwaloni, pale boti za samaki zinaposhusha, watu wanajulikana kwa majina ya utani, ya kisiwa au ya mtoto wa kwanza, na mzani huandika hivyohivyo. Risiti inaweza kuwa na jina la mwaloni, akaunti ya benki ikawa na jina la biashara, na ankara ikawa na jina la kampuni. Hao ni watu watatu tofauti mbele ya sheria, au pengine wawili, maana jina la biashara lililosajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, si mtu kisheria; anayeshtaki ni mama mwenyewe anayefanya biashara kwa jina hilo. Ikiwa ni kampuni, pata azimio la bodi linaloidhinisha shauri na ulitaje kwenye hati ya madai. Ni ukurasa mmoja tu, lakini nimeona mashauri yakikwama miezi kwa kukosa ukurasa huo. Vivyo hivyo kwa upande wa pili: fanya upekuzi BRELA upate jina kamili la kampuni inayomiliki kiwanda, si jina lililopakwa getini.

Kitu kingine utakachokiona kwenye jedwali ni namna ile milioni 84 ilivyogawanyika. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina kanuni ambayo wengi tunaisahau tukishatoka chuo: mdaiwa akilipa akataja deni analolilipia, malipo yaende huko, asipotaja, mdai anaweza kuyapeleka kwenye deni lolote halali lililoiva, na kama wote wamenyamaza, malipo yanafuta madeni kwa mfuatano wa tarehe. Sasa angalia kama kuna malipo yoyote yaliyokuja baada ya safari ya nane na ya tisa, yakiwa na maelezo yanayozitaja safari hizo. Kama yapo, kiwanda kimelipia samaki ambao leo kinasema kiliwakataa, na kitakuwa na kazi kubwa ya kueleza.

Hapo tumefika kwenye kilo 1,900. Kwa shilingi 8,000, ni 15,200,000. Ziondoe kwenye 64,300,000, zinabaki 49,100,000 ambazo, kwa maelezo yako, hakuna anayezibishia. Ishike tarakimu hiyo ya 49,100,000, nitairudia.

Kuhusu hizo zinazobishiwa, swali si kama samaki walikuwa wabovu. Swali ni kama walikataliwa, lini, na nani aliambiwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi ya kukagua na kukataa, na akikataa halazimiki kuzirudisha, inatosha kumjulisha muuzaji kwamba amezikataa. Lakini akizitumia kwa namna isiyolingana na umiliki wa muuzaji, au akikaa nazo muda wa kutosha bila kusema neno, sheria inamhesabu kuwa amezikubali. Muda wa kutosha kwa mashine ya kusaga ni kitu kimoja, kwa sangara aliyetoka kwenye barafu ni kingine kabisa: ni saa. Kiwanda kinachosema baada ya miezi kwamba mzigo ulikuwa mbovu, lazima kionyeshe kilimwambia nani siku ile, na samaki wale walikwenda wapi. Walirudishwa kwenye boti? Walitupwa? Au walipita kwenye meza ya minofu wakaingia kwenye maboksi?

Jibu la hayo limo ndani ya kiwanda chenyewe, na ndipo nguvu yako ilipo. Viwanda vya kanda yetu vinavyouza nje vinaishi kwa kumbukumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, uchumi wa Mwanza uliyumba, na tangu hapo soko hilo linataka samaki ajulikane alikotoka, joto alilopokelewa nalo, na kundi aliloingizwa wakati wa kuchakatwa. Kwa hiyo kuna daftari la mapokezi la siku zile mbili, na kuna fomu ya ubora iliyosainiwa na mkaguzi wa zamu. Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakuruhusu kuomba mahakama iamuru nyaraka hizo zifichuliwe. Mawakili wengi hapa kwetu hawaitumii, wanasubiri siku ya ushahidi waulize maswali gizani. Itumie. Nyaraka zikionyesha samaki walikataliwa kweli, umejua mapema na unampunguzia mteja deni la gharama. Zikionyesha walichakatwa, kile kikwazo cha milioni 15 kimeanguka bila kelele.

Sasa nirudi kwa mkubwa wako wa kwanza. Kwamba hakuna mkataba ulioandikwa hakuna maana kwamba hakuna mkataba. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Ni kweli Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka maandishi kwa mauzo ya kuanzia shilingi 200, kiwango cha zama za mababu, lakini sharti hilo linaondoka pale mnunuzi anapopokea na kukubali sehemu ya bidhaa au anapolipa sehemu ya bei. Kiwanda chako kimefanya yote mawili.

Na WhatsApp ni ushahidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, taarifa ya kielektroniki haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Hata kabla ya hapo Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, ndiyo ile Mahakama ya Biashara, ilishaanza kufungua mlango, mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises. Kinachowaangusha watu ni kitu kingine: kuthibitisha kwamba ujumbe huo ni ule ule. Sheria inaitaka mahakama ipime uaminifu wa namna ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kutumwa, namna ulivyolindwa usichezewe, na namna mtumaji alivyotambulika. Picha za skrini tatu zilizokatwa, hazina tarehe, juu zimeandikwa "Mhasibu Kiwanda" kwa sababu mteja ndivyo alivyoihifadhi namba, hazijibu hata swali moja kati ya hayo.

Fanya hivi. Chukua simu ya mteja leo, mbele yake, fungua mazungumzo hayo uangalie kama umewashwa ule mpangilio wa ujumbe unaojifuta baada ya siku kadhaa. Kama umewashwa, uzime. Hamisha mazungumzo yote kutoka mwanzo hadi mwisho, si yale yanayokupendeza peke yake, pamoja na picha za risiti na sauti zilizomo. Namba ya mhasibu ionekane kwa tarakimu. Kisha mteja aape kiapo kinachoeleza simu ni ya aina gani, ni yake tangu lini, laini imesajiliwa kwa jina la nani, haijapita kwa fundi, nani alihamisha mazungumzo, siku gani, na nani aliyachapa. Simu yenyewe itunzwe na iwe tayari kuletwa. Mteja akitaka kununua nyingine anunue, lakini hiyo asiiuze wala asimpe mtoto. Kwa taarifa za malipo, usichape kutoka kwenye simu. Omba taarifa zilizogongwa muhuri kutoka kampuni ya simu na benki, na ujue mapema kama ofisa wa benki ataapa au atakuja.

Swali ambalo mpinzani wako atalipenda zaidi ni kama mhasibu alikuwa na mamlaka ya kukifunga kiwanda. Usilijibu kwa hoja, lijibu kwa jedwali. Safari ya kwanza mhasibu alitaja bei, na kiwanda kikalipa kwa bei hiyo kutoka akaunti ya kampuni. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mwenye kampuni aliyelipa mara kadhaa kwa neno la mtu wake hawezi kumkana pale deni linapokuwa kubwa.

Niseme jambo lililonipata mimi, kwa sababu naona vijana wengi wanalirudia. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliambatanisha hati za kupokelea mzigo kwenye hati ya madai, zote, nimezipanga vizuri na kuzipa herufi. Siku ya ushahidi shahidi wangu alieleza kila kitu, nami sikuomba hata moja ipokelewe kama kielelezo, nikidhani zimeshaingia. Hukumu ilipotoka tulikuwa tumeshindwa, na mteja wangu, mtu mzima mwenye familia, alinyamaza kimya akaniangalia. Kiambatisho si kielelezo. Mpaka shahidi anayestahili aitoe mahakamani, mwenzako apewe nafasi ya kupinga, na hakimu aipokee na kuipa namba, karatasi hiyo haipo. Na nyaraka yoyote inayostahili kulipiwa ushuru wa stempu, ilipie sasa, maana ukingoja pingamizi utalipa pamoja na adhabu, na mbele ya mteja wako.

Sasa mahakama. Ushauri wa kuongeza milioni 40 za usumbufu ili uvuke kiwango hauna msaada wowote kwako. Mahakama ya Rufani ilishasema wazi, katika shauri la Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of the Usambara Sisters, kwamba kinachoamua mamlaka ya kifedha ni madai mahsusi, si fidia ya jumla. Fidia ya jumla hutolewa na mahakama kwa busara yake, hivyo huwezi kuitumia kama ngazi. Kwa shauri la kibiashara la deni kama hili, Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, inaziachia Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi madai yasiyozidi shilingi milioni 70. Wewe una 64,300,000, na sheria inataka shauri lifunguliwe katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka. Basi unakwenda kwa hakimu.

Kuna njia moja halali ya kuvuka, nayo nakueleza ili uipime, si kwamba naipendekeza. Kama mama huyu alikopa kununulia samaki, na riba aliyoilipa kwa sababu ya kucheleweshewa inazidi milioni 5.7, na ana nyaraka zake, anaweza kuidai kama hasara mahsusi. Lakini hasara mahsusi hutajwa kwa tarakimu na kuthibitishwa kikamilifu, na utalazimika kuonyesha kwamba kiwanda kilijua, wakati wa kuingia makubaliano, kwamba anaendesha kwa mkopo. Ukishindwa hapo, umepoteza riba, na pengine umempa mwenzako hoja ya mamlaka. Divisheni ya Biashara ina masjala Mwanza, na ina uzuri wake: kanuni zake za mwaka 2012, zilizorekebishwa 2019, zinalenga shauri liishe ndani ya miezi 10 na kwa vyovyote lisizidi 12, na ushahidi mkuu huandikwa kabla. Lakini maandishi hayo ya shahidi yana siku zake, na shahidi asipofika kuhojiwa maelezo yake yanaweza kuondolewa. Kwa ofisi ya mtu mmoja, na mteja anayeshinda visiwani, mwendo huo unachosha. Mahakama ya Hakimu Mkazi si adhabu.

Kabla hujataja kifungu chochote kwenye hoja zako, fungua Toleo la Urekebu wa Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika mwaka 2025. Vifungu vingi vimehama namba. Ndiyo maana humu nimetaja sheria kwa majina yake zaidi ya namba.

Kuhusu polisi nitakuwa mkali kidogo. Usiende. Mhasibu hakukabidhiwa mali ya mteja wako aitunze. Kampuni ilinunua kwa mkopo ikachelewa kulipa. Hilo ni deni. Ukilivisha nguo ya jinai, unamweka mtu asiye na hatia ya namna hiyo mahabusu ili kampuni ishtuke, na shauri likifutwa, mteja wako anaweza kugeuka mdaiwa kwa kumshtaki mtu kwa nia mbaya. Wewe nawe una kiapo cha uwakili. Zaidi ya yote, mhasibu huyo ndiye aliyeandika ujumbe unaoutegemea. Hutaki awe adui.

Habari ya mitambo kuuzwa ndiyo inayomnyima mama usingizi, nami naielewa. Amri ya XXXVI ya Sura ya 33 inaruhusu mahakama kumtaka mdaiwa aweke dhamana, au kukamata mali kabla ya hukumu, pale inaporidhika kwamba yuko mbioni kuiuza au kuiondoa mali kwa nia ya kukwamisha utekelezaji wa tuzo, yaani amri inayotokana na hukumu. Neno zito hapo ni nia. "Nimesikia watu wakisema" haifiki. Unahitaji tangazo la mauzo, barua, picha za lori likipakia, mfanyakazi aliyeachishwa na yuko tayari kuapa kwa jina lake. Kiapo kitaje kila habari ilikotoka. Ukivipata, fungua shauri na maombi siku moja chini ya hati ya dharura. Usipovipata, usiombe kwa kujaribu bahati, kwa sababu maombi dhaifu yakikataliwa kiwanda kitatembea nayo mfukoni hadi kwenye upatanishi.

Wakati huohuo rudi BRELA uangalie dhamana zilizosajiliwa juu ya mali za kampuni. Hili watu hulifanya baada ya kushinda, wakati dalali wa mahakama ameshafika getini. Kama mitambo, majokofu na jengo vyote vimewekwa rehani benki, benki iko mbele yako, na tuzo yako ya milioni 64 itasubiri nyuma yake. Hapo mkakati unabadilika kabisa: unatafuta fedha ambazo benki haijazishika, kama malipo wanayodaiwa na wanunuzi, na unakuwa tayari kukubali kidogo kwa haraka zaidi.

Ndipo narudi kwenye 49,100,000. Kabla ya kusajili chochote, andika barua ya madai. Iwe fupi, isiyo na vitisho, ikiambatana na lile jedwali, ikiwaomba ndani ya siku 14 walinganishe hesabu na waseme safari gani wanaibishia na kwa nini. Kampuni nyingi, zikipewa hesabu safi, hujibu kwa hesabu. Wakijibu kwamba wanabishia safari ya nane na ya tisa tu, wamekiri zilizobaki. Ukiri wa maandishi ulio wazi unakupa mambo mawili. Kwanza, chini ya Amri ya XII unaweza kuomba hukumu kwa kiasi kilichokiriwa, bila kungoja mabishano ya kilo 1,900 yaishe. Pili, unaanzisha upya saa ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri. Deni la mkataba lina miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, hivyo kwako si dharura, ila kwa mteja mwingine siku moja itakuwa. Angalia tu kwamba majibu yao hayakuandikwa kwa sharti la kutotumika mahakamani, kama ilivyo desturi ya barua za kutafuta suluhu. Hizo hazitakusaidia.

Wala usiligawe deni, ukafungua kwa 49 leo na 15 kesho. Madai yanayotokana na sababu moja hufunguliwa pamoja, na utakachokiacha nje bila ruhusa umekipoteza.

Shauri likishasajiliwa na utetezi kuingia, kiwanda kikiwa na siku 21 za kuuleta, utakwenda kwenye upatanishi wa lazima. Muda wake kwa mahakama za kawaida ni siku 30. Usiende pale kutimiza ratiba. Nenda na mama mwenyewe, na dai kwamba upande wa pili ulete mtu anayeweza kusema ndiyo bila kupiga simu. Zungumza na mteja mapema, faraghani: yuko tayari kupokea kiasi gani, kwa awamu ngapi? Mkikubaliana awamu, hati ya makubaliano iseme awamu moja ikipita siku yake, deni lote linaiva, kisha isajiliwe mahakamani iwe tuzo. Hapo unayo karatasi ya kukazia hukumu. Makubaliano ya kupeana mikono koridoni yatakurudisha mwanzo. Na umweleze ukweli kuhusu riba: baada ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, au zaidi ikiwa walikubaliana lakini isizidi 12. Kwa mtu aliyekopa benki, mwaka mmoja wa kesi una gharama ambayo hukumu haitairudisha yote.

Yapo mazingira ambayo nisingekuacha uendelee peke yako na maandishi haya. Ukikuta popote, hata nyuma ya fomu ya kusajili wauzaji, kipengele cha kupeleka mgogoro kwa msuluhishi, simama. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inampa mdaiwa haki ya kuomba shauri lisimamishwe, na mkakati wote hubadilika. Vivyo hivyo ukigundua serikali au taasisi yake ina mkono katika kampuni hiyo, kwa kuwa kuna notisi ya siku 90, kuna Mwanasheria Mkuu wa kuunganishwa, na kuna Mahakama Kuu. Au ukigundua mzigo ulipokelewa na kampuni dada ya Kisumu au Uganda. Au kampuni imeanza kufilisiwa. Katika hali hizo tafuta mwandamizi anayeshughulika na mashauri ya biashara, ukae naye uso kwa uso na jalada mezani, nusu siku. Mlipe muda wake, au mgawane ada. Pia tafuta mhasibu wa kujitegemea alipitie jedwali lako kabla halijaenda kwa kiwanda. Kosa la safari moja ndani yake ndilo watakalolisoma kwa sauti mbele ya hakimu.

Kwa mteja anayekupigia kila siku, mwambie aje ofisini Jumatatu asubuhi na ule mfuko wa risiti, simu yake, na chaji. Mkipanga pamoja safari ya kwanza hadi ya kumi na moja, atajua mwenyewe anachodai na anachoweza kukithibitisha, na simu zitapungua.